Ukuta Usio na Manyoya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Jumuiya yetu, Mzee Mogaka, Mchungaji wetu, waheshimiwa wanakamati mlioketi kwenye viti vyenye mito, mgeni wetu wa heshima, Bi Loretta, wazazi wangu na ndugu zangu mliotoka Irving, Cedar Hill na hapa hapa Fort Worth, Texas: hamjambo?

Mimi ni Kanana, mwanafunzi wa historia, mwaka wa nne. Nimepewa dakika tano za kutoa neno la shukrani kabla mchoro huu haujafunuliwa, na kwa kuwa nililelewa vizuri, nitashukuru. Naishukuru kamati. Ni kamati gani nyingine chini ya jua ingeazimia kuwaenzi wenyeji wa asili wa nchi hii, ikamwalika mmoja wao, ikamtazama usoni, kisha ikaamua kwamba hafanani na mwenyeji?

Kwa ambao hamkuwapo Alhamisi, kisa ni hiki. Kwa miezi miwili Dada Esperance, ambaye wiki nzima hupanga maboksi ghalani, amekuwa akiuchora ukuta huu wa nje wa ukumbi wetu kila Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada. Bi Loretta, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na mmoja hadi akastaafu, ni wa watu wa Wichita, waliolima mahindi na maboga kwenye nyanda hizi kabla babu wa babu wa yeyote hapa hajalisikia neno Texas. Ndiye aliyeleta nyasi ndefu nyuma ya pikapu yake, akamwonyesha Esperance jinsi mashada yanavyofungwa, kwa maana watu wake walijenga nyumba za nyasi, ndefu, za mviringo, imara. Ndiye aliyemwonyesha mjusi mwenye pembe, na ndege yule mwenye mkia kama mkasi. Esperance akavichora vyote. Katikati akamchora Bi Loretta mwenyewe: miwani, koti la buluu, funguo za basi mkononi.

Kamati ikaja kukagua jioni hiyo ya Alhamisi, Esperance akimalizia kazi baada ya kutoka ghalani. Mzee Mogaka akashika kiuno.

"Esperance, mtu aki-drive hapa atajuaje huyu ni Mhindi Mwekundu? Atadhani ni mpishi wa kanisa. Mwekee manyoya kichwani. Na hizi nyasi toa, weka mahema. Tumekimbia nyasi nyumbani, tuje kuzichora Amerika?"

Esperance hata hakushuka kwenye ngazi. "Papa Mogaka, miye sitamutia manyoya. Huyu mama haiko kuku."

Mkacheka, waheshimiwa. Kisha mkapiga kura: kwa kuwa sherehe hii haiahirishiki, Jumatatu aletwe fundi mwingine, manyoya yachorwe, nyumba zifutwe.

Ndugu zangu, nani amesahau ushuhuda wa Mzee Mogaka kanisani? Muuguzi mwenzake wodini alimwuliza kama kwao walilala juu ya miti kwa kuogopa simba. Wiki nzima mzee wetu alikula chakula cha mchana garini, peke yake. Alituambia, "Yule anaona sinema. Hanioni mimi." Tulimwombea. Mimi nililia. Sasa nauliza, Mzee: machozi yale tuliyapoteza bure? Au kosa la yule muuguzi lilikuwa tu kwamba simba wake alimpachika mtu asiyestahili?

Na hizo nyasi mnazozionea haya, nani kati yenu hakulazwa na bibi yake chini ya paa la nyasi? Mmevuka bahari, mmenunua nyumba zenye gereji mbili, lakini bado mnalikimbia paa lililowakinga na mvua. Likimbieni. Ila msimvue mwingine la kwake kwa sababu ninyi mna aibu.

Sijisafishi. Miaka minne nasoma historia, na kila siku navuka mto wa hapa mjini kwenda chuoni bila kujiuliza ni nani aliyekunywa maji yake kwanza. Nilifundishwa hilo na dereva wa basi, siyo na profesa. Kwetu mtu hupiga hodi. Sisi tumeingia, tumeketi, na sasa tunamchagulia mwenye nyumba nguo za kuvaa.

Waheshimiwa, naona mnatabasamu kwa kuwa mgeni wetu hajui Kiswahili. Zile karatasi mapajani mwake ni hotuba hii kwa Kiingereza. Nilimwandikia mwenyewe, na tangu nianze anaifuata mstari kwa mstari. Sasa hivi amefungua ukurasa wa mwisho.

Kwa hiyo tusingoje Jumatatu. Kopo la rangi nyekundu ni hili, brashi ni hii. Mzee Mogaka, Bi Loretta ameketi hatua sita kutoka ulipo. Mwulize manyoya yake aliyaacha wapi, akikujibu, panda ngazi uyachore mbele yetu sote.

Tunakungoja, Mzee.

Naona umebaki kitini. Basi kura ya Alhamisi umeifuta wewe mwenyewe, na mkutano mzima ni shahidi. Kwa hilo nakushukuru, na safari hii sina kejeli. Dada Esperance, vuta kitambaa. Bi Loretta, tusamehe kwa kuingia bila hodi.

Nanyi nyote mlionivumilia hadi hapa, asanteni kwa masikio yenu.