Duara Jekundu la Mama Lukresia

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 1996, ofisi yetu ya afya hapa Songea inamuaga Mama Lukresia Luambano, karani wa takwimu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Aliingia kazini Julai 1964 akiwa na miaka ishirini na mitatu, na keshokutwa Jumapili anastaafu rasmi. Kwa mahesabu yake mwenyewe, ambayo hakuna mwenye ubavu wa kuyabishia, ameandika ripoti za mwezi mia tatu themanini na nne.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Osmund Hyera, mratibu wa chanjo, niandike wasifu huu, ikaniusia niseme mazuri tu. Nimekubali nusu. Faili la Mama Lukresia lina barua moja ya onyo, ya Mei 1986, na kwa sababu ya barua hiyo alirukwa mara mbili watu walipopandishwa vyeo. Siwezi kumwacha aende nyumbani nayo hali najua ilivyoingia humo. Nitaifikia. Kwanza tucheke kidogo, maana mwenyewe hapendi sherehe ya kununa.

Mama Lukresia ni mtoto wa Mjimwema. Alianzia dirishani, akiandika kadi za wagonjwa kwa mwandiko ambao hata bibi asiyejua kusoma aliusifia. Ikifika Juni na baridi yetu hii, huvaa sweta lake la kahawia, lile lile, mpaka Agosti. Wageni wakidhani ni mpole kwa sababu ya sweta, hujuta. Mganga mmoja alileta ripoti yenye jumla iliyokosewa kwa mtu mmoja, akarudishwa nayo kilomita ishirini kwa baiskeli. Alipolalamika kwamba ni mtu mmoja tu, Mama alimuuliza kama yeye mwenyewe angependa kuwa huyo mmoja.

Mwaka 1991 tulipelekwa kwenye semina. Mkufunzi kutoka Dar es Salaam alichora ubaoni mambo ambayo bila hayo huduma za afya za nchi haziendi: watumishi, dawa na vifaa, majengo, fedha, uongozi. Akauliza kama kuna cha kuongeza. Mama Lukresia akasimama, sweta na yote, akaeleza kwamba hayo ni mapishi ya ugali. Dawa ni unga, fedha ni kuni, watumishi ni wapishi, jengo ni jiko lenyewe, na uongozi ni mwenye nyumba anayeamua chakula kiive saa ngapi. Vyote vikiwepo bado mtu atalala njaa, kama hakuna aliyehesabu walaji na kujua nani yuko shamba hajarudi. Tulicheka mpaka tukakosa adabu. Mkufunzi hakucheka, alichukua kalamu akaandika. Mpaka leo ukiniuliza mfumo wa afya ni nini, nakupa ugali wa Mama Lukresia, na likolo, mboga yetu ya majani, juu yake.

Kisha zikaja siku hizi za ruksa ya biashara. Maduka yakajaa sabuni na redio, na zahanati za watu binafsi zikafunguliwa. Mwenye zahanati mmoja pale Mfaranyaki aligoma kutoa taarifa, akidai wagonjwa wake ni biashara yake. Mama hakugombana naye. Alikwenda akaketi kwenye benchi pamoja na wagonjwa, daftari mapajani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, akimwamkia kila anayeingia na kumuuliza anaumwa nini. Siku ya nne bwana yule alileta ripoti ofisini mwenyewe, imepigwa taipu, na soda juu. Mama alipokea ripoti. Soda alinywa Daimu, dereva wetu.

Daimu, mtu wa Tunduru, ndiye aliyeteseka zaidi na lile duara jekundu. Wageni wa ofisi wajue: katika rejista kubwa ya Mama Lukresia, sifuri huandikwa tu pale ambapo mtu amekaa, amehesabu, na hakupata mgonjwa. Zahanati isiyoleta ripoti haiandikiwi sifuri. Nafasi yake huachwa wazi, inazungushiwa duara jekundu, na mtu anapanda gari kwenda kuangalia. Tena namba yoyote lazima iwe na saini ya aliyehesabu, la sivyo haiingii, hata kama Mama ameiona kwa macho yake. Daimu alikuwa akiona kalamu nyekundu tu anavuta uradi na kukagua tairi la akiba. Alizoea kuuliza, Wallahi Mama, hili gari ni la wagonjwa au la kufukuzia maduara?

Alikoma kuuliza Februari 1993. Kulikuwa na duara moja, kijiji cha mbali kule upande wa Hanga. Gari likazama tope, wakatembea kwa muda wa saa tatu. Walimkuta muuguzi yuko kitandani na malaria, mafuta ya taa yameisha, na friji la chanjo limezimika wiki tatu. Mama mmoja wa kijiji, kwa nia njema kabisa, alikuwa amewaita wenzake wote wakutane kesho yake ili mhudumu wa jirani aje awachome watoto kwa chanjo ile ile iliyokwisha kuharibika. Chanjo ikamwagwa, nyingine ikaletwa. Watoto themanini na saba walichanjwa kwa dawa nzima kwa sababu nafasi moja kwenye karatasi iliachwa tupu.

Sasa barua.

Mwaka 1986 mimi nilikuwa mganga wa Zahanati ya Lipupuma, kijana, nimeajiriwa miezi minane. Mnakumbuka ile miaka ya mwisho ya uhaba, hata karatasi ilikuwa mali. Fomu za taarifa ziliniishia Januari. Februari surua ikaingia kijijini. Nilihesabu watoto, nikawaandika kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, kisha nikaliweka kwenye droo nikisubiri fomu. Nilikuwa nimefundishwa kwamba taarifa isiyo kwenye fomu hairuhusiwi, na niliogopa kukaripiwa kuliko nilivyoogopa surua. Jamani, ndivyo nilivyokuwa.

Huku mjini Mama Lukresia alitakiwa kupeleka jedwali lisilo na nafasi tupu. Lipupuma hawajaleta kitu, akaandika sifuri. Ndiyo, aliandika, na hajawahi kukana. Timu ya surua ikasoma jedwali, ikaenda vijiji vingine. Habari zetu zilifika mjini katikati ya Aprili, zikiletwa kwa miguu na baba aliyekuwa amekwisha kuzika.

Kabla ya kikao kilichoitwa kuchunguza kosa lile, Mama alikuja Lipupuma juu ya lori la tumbaku, amekumbatia bunda la fomu. Nilimwamkia shikamoo. Akafungua droo kutafuta kalamu, akaliona daftari, akalisoma lote akiwa amesimama. Kisha akalifunga, akalirudisha, akaniwekea fomu juu ya meza na kuniuliza kama nimekula.

Kikaoni Mei alisimama akasema sifuri ile ni ya mkono wake. Hakutaja daftari. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, fomu ya Februari sijaijaza, na sikufungua mdomo. Yeye akapewa onyo. Miaka miwili baadaye mimi nikapelekwa kozi, nikarudi na cheo, na wa kwanza kunipongeza alikuwa yeye. Siku aliyotoka kikaoni ndiyo aliyonunua kalamu nyekundu. Alifuta sifuri ya Lipupuma, akachora duara la kwanza. Tangu hapo, miaka kumi, sijawahi kupita karibu na kabati la rejista bila kugeuzia uso upande mwingine, na yeye hajawahi hata mara moja kunikumbusha, si kwa neno wala kwa jicho.

Mama, ulinificha kama mama anavyomficha mtoto aliyevunja chungu. Nashukuru. Nimefanya kazi yangu yote ndani ya nafasi uliyonipa. Wiki hii nimefanya mambo mawili. Jumatatu nilipeleka kwa mganga mkuu maelezo yangu pamoja na daftari lenyewe, nikiomba yawekwe kwenye faili lako mbele ya barua ile, na nakala kwenye faili langu. Amesoma, ameyapokea kwa saini. Litakalonipata ni langu.

La pili, jana mchana ulipokwenda kula, Ida anayerithi meza yako alinifungulia kabati. Rejista ya 1986, Februari, Lipupuma. Duara lako bado liko pale, wino umefifia, ndani yake hakuna kitu. Uliiona namba miaka kumi iliyopita lakini hukuiandika, kwa kuwa aliyehesabu hakuwa ametia saini.

Nimeijaza, Mama. Wagonjwa kumi na tisa, vifo vinne. O. Hyera.

Basi nenda Mjimwema ukapumzike, ulime bustani yako, uwahesabu wajukuu peke yao. Wafanyakazi wenzako wote tunakuombea afya na siku nyingi zenye amani. Ripoti zako zimekamilika, hakuna nafasi iliyobaki wazi.