Mia Tatu Walioridhika

Sogeza kiti, Tetsuji, na hiyo simu igeuze uso chini, maana sauti niliyobaki nayo inatosha kusema jambo mara moja tu. Na wewe Kanae, acha kunivutavuta blanketi. Nisikilizeni nyote wawili, wanangu. Nimechoka, na si maradhi peke yake yaliyonichosha. Ninyi pia mmenichosha.

Nyumba ya kule mjini Sakai ni ya Kanae. Karakana na jina lake ni vyenu wote, nusu kwa nusu, na asije mtu kuleta habari za mtoto wa kiume. Hayo anayo mwanasheria, wala hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni hii sufuria ya umeme ya wali mnayotaka kuiingiza madukani mwezi wa tatu, pamoja na mhuri wa kampuni, ambao bila huo hakuna kinachoidhinishwa, na ambao mnadhani nimesahau nilikouweka. Sijasahau.

Juzi, Tetsuji, uliniletea picha za video za majaribio ili nifurahi, ukaniambia kifua mbele, "Baba, watu mia tatu wamejaza dodoso, hakuna hata mmoja aliyelalamika." Mwanangu, una miaka hamsini na mbili na umezaliwa Osaka hii hii, ni lini uliwahi kumwona mama wa mtaani kwetu akaalikwa mahali, akanyweshwa chai, akapewa bahasha ya shukrani, kisha akamwambia mwenyeji wake usoni kwamba kitu chake kibovu? Mimi sikuangalia dodoso, niliangalia mikono. Nimemwona yule bibi wa sweta ya kijani akibonyeza mahali ambapo sufuria zetu zote, miaka thelathini, zimekuwa na kitufe cha kuzima, na ninyi kwa ajili ya urembo mmeweka hapo cha kufungulia. Kifuniko kikaruka, mvuke ukamuunguza kidole. Naye akaiinamia sufuria, akaiomba radhi. "Samahani, mimi ndiye mzembe," akasema, akakificha kidole ndani ya sweta, akaandika kwamba ameridhika. Niliwaona wanne wa namna hiyo, na vijana wenu wa utafiti wameandika pembeni kwamba watazoea. Hivi mnataka kuunguza bibi wangapi ndipo mjue?

Msidhani nazungumza kama mtu asiyekosea. Tulipotoa sufuria yetu ya kwanza, kila jioni mama yenu alinipakulia wali, nami nikamuuliza, "Vipi?" naye akajibu, "Mzuri." Utafiti wangu wote ulikuwa huo. Siku ya arobaini na tisa ya msiba wake, siku ya kumwombea marehemu kwa desturi yetu, wageni wamejaa, mjomba wenu Iwao akaniambia kwamba dada yake, kwa miaka saba, alipika wali kwa chungu juu ya gesi na kuumimina ndani ya sufuria yangu kabla sijafika mlangoni, kwa sababu sufuria yangu iliunguza chini na hakutaka kunivunja moyo. Nilimfukuza Iwao mbele za watu, na hatujasemeshana miaka kumi na moja. Kile chungu nilikikuta nyuma ya kabati, kimechakaa kuliko kitu chochote jikoni. Nililia nikiwa nimekipakata. Nendeni kwa Iwao mkamwombe radhi kwa niaba yangu, na msimtumie ujumbe, nendeni kwa miguu yenu.

Tangu hapo ndipo nilipoanza kwenda majikoni kwa watu na kusahau mwavuli makusudi. Ukienda kwa miadi, mwenye nyumba amekwisha kung'arisha kila kitu, amebandua selotepu alizozibia vitufe vinavyomchanganya, amekutolea sahani za wageni. Rudi nusu saa baadaye kuomba mwavuli wako, uone anavyoishi. Nimewafundisha hayo mara ngapi? Mkaona ni uzee, mkaenda kununua madodoso.

Usivute pumzi hivyo, Tetsuji. Najua kiwanda kimeshaanza kuzitengeneza. Kizime. Kitufe kirudi mahali pake, na kabla ya hapo asigonge mtu mhuri wowote.

Maji, Kanae. Zunguka, nipe kwenye mkono wa kulia. Huu wa kushoto umekufa tangu Alhamisi, na kengele ya kumwita nesi wameifunga huku huku kushoto. Siku nne siifikii. Nimeshinda na kiu, nimeshinda nimelowa, na kila asubuhi yule binti mpole anapoingia kuniuliza kama kuna kinachonisumbua, namwambia hakuna. Ile karatasi ya maoni ya hospitali pale mezani, Tetsuji... isome. Kwa sauti.

Ndiyo. "Nimeridhika sana." Mwandiko ni wangu.

Usilie, mtu mzima wewe. Mhuri uko chini ya mto. Nilitaka kumpa dada yako, lakini uchukue wewe, kwa kuwa sasa umeona. Mpendane. Mle pamoja hata mkiwa mmenuniana. Radhi zangu mnazo, za mama yenu pia... nyote wawili, sawa kwa sawa...

Kanae, unafanya nini huko? Usiihamishe hiyo kengele. Iache hapo hapo, mwanangu... yule binti atadhani nimemlalamikia.