Kulwa Hakuwa Mnene

Wapendwa, Bwana asifiwe! Itikieni taratibu tu, maana nililokuja nalo leo halina vigelegele.

Mnawajua pacha wangu, Kulwa na Doto, mabinti wa miaka minne. Mwaka jana Kulwa alianza kujaa mashavu, Doto akabaki vile vile, mbavu nje. Pale Buzuruga ninapouza mchele, kila mteja alimfinya shavu akisema amenawiri. Nami nikachekelea! Mama mkwe akaja kutoka Magu kututembelea. Nikamwamkia shikamoo, na kabla hajatua mzigo akasema, "Marahaba. Mbona huyu Kulwa anamla mwenzake?"

Ndugu zangu, nikaamini kwamba pacha mmoja hunenepa kwa kumnyonya mwenzake. Kuanzia siku ile nilimega ugali wa Kulwa nikamwongezea Doto. Yai, Doto. Samaki, Doto. Kulwa akilia nilimwita mlafi, na mara mbili nilimchapa. Mtoto mgonjwa, nami nikamnyima chakula! Sisemi shetani alinidanganya. Nilifanya mwenyewe, kwa mkono huu.

Asubuhi moja macho yake hayakufunguka kwa uvimbe. Tumbo limejaa, gauni halimwenei, mkojo kwenye kopo una povu kama maji ya kufulia. Nikamfunga mgongoni nikakimbilia hospitali. Daktari akambonyeza mguu, kidole kikaacha shimo. Akachovya kijiti cha kupimia kwenye mkojo, kikageuka kijani.

"Mama, huyu hajanenepa, haya ni maji," akaniambia. "Figo zake zinavujisha protini, inatoka na mkojo. Hakuna aliyemla mwenzake."

Nikakaa sakafuni nikalia kama niko msibani.

Tulilazwa, akaanzishiwa vidonge, uvimbe ukashuka. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwomba Kulwa msamaha. Akaniuliza, "Mama, kwa hiyo leo naweza kula yai?"

Bwana alinitoa upofu, lakini ukaidi ulibaki! Tuliporudi nyumbani, nilipoona amepungua nikasema amepona, nikaacha kumpa vidonge ghafla bila kumuuliza daktari. Hazikupita wiki tatu akavimba tena. Daktari alinigombeza, na haki yake. Akanieleza kwamba vidonge hivi hupunguzwa kidogo kidogo na yeye mwenyewe, kwamba ugonjwa huweza kurudi hata kwa mafua, na kwamba chumvi ipungue. Sasa dagaa wa Kulwa nawachemsha bila chumvi. Kila asubuhi napima mkojo wake kwa kijiti na kuandika kwenye daftari. Daktari anasema watoto wengi huacha kuugua wakikua. Wengi, si wote. Nimelishika hilo neno "wengi" kwa mikono miwili.

Namshukuru Mungu aliyeniachia mtoto niliyemtendea vile. Mtumainini, ndugu zangu, na dawa wapeni watoto! Mkimwona mtoto ameamka na uso umevimba, msimsifu. Mpelekeni apimwe mkojo. Na mniombee. Leo Kulwa ameamka na mafua, kesho asubuhi nachovya kijiti tena, na ninaogopa.