Bakuli Yenye Ilipasuka Siku ya Mahari

Bandugu na bamama ba mutaa, benye mumekusanyika hapa, muniache niseme nikiwa nimesimama, juu nikikaa nitaogopa tena, na woga njo iliniharibia maisha.

Munajua kazi yangu. Mie natengenezaka bakuli za mapambo. Haziko za kuchonga mu muti mumoja, hapana. Nakata bipande bidogo, byekundu bya muti ya mukula na byengine byeupe, nabiunga na kole, ile gundi ya mbao, duara juu ya duara sawa matofali ya nyumba. Kiisha naweka ku mashine, inazunguka, nalainisha. Mwisho nachora mistari inje na chuma ya moto.

Jamaa moja ya hapa Kampemba ilinipa komande, iliagiza bakuli ya kupeleka mahari. Ilikuwa wakati wa mvula, mbao yangu ilikuwa bado mubichi. Nilijua. Bandugu, nawaambia kweli: nilijua! Lakini siku ya mahari ilikuwa Samedi, njo Jumamosi, nikaunga vile vile. Vendredi, siku moja mbele ya mahari, nikaona mupasuko mudogo sawa unywele. Nikachanganya unga ya mbao na kole, nikafunika, na juu yake nikachora mistari mizuri kabisa. Bantu baliona, balisema: "Uyu baba iko na mikono!" Nikafurahi, mupumbavu mie.

Samedi ile jua ilichoma. Bakuli ilibebwa na shangazi ya bwana-arusi, mama mujane, hana mutoto, anauzishaka samaki ya kukauka ku soko. Alipiga magoti mbele ya bakwe. Pa! Bakuli ikafunguka mu mikono yake, bintu byote chini.

Sauti moja ku nyuma: "Nani alibeba?" Munajua vile tuko. Mbele bukari, ugali ya karamu, ipoe, yule mama alikuwa tayari mulozi, muchawi. Mahari ilisimama. Alikatazwa kukanyaga kwa kaka yake, baba ya bwana-arusi. Na mie nilikuwa pale, mualikwa, kinywa imejaa nyama. Nikanyamaza.

Toka siku ile mikono ilikataa kazi. Nikiwasha mashine, naizima tena. Nikakimbilia Sakania kwa mudogo wangu, nikasema natafuta biashara. Bongo, uongo mutupu! Nilikuwa natafuta pombe ya lutuku, na niliipata kila asubui.

Miezi ine ilipita. Siku moja bibi yangu, muke wangu wa ndoa, alikuja, hata hakukaa chini. Aliniambia: "Dimanche, siku ya kanisa, banamupeleka yule mama ku nabii wa maombi, bamufungishe kula mpaka akubali ni mulozi. We unajua nini juu ya ile bakuli? Niambie." Sikukuwa nimemuambia kintu. Macho yangu njo ilimuambia.

Tulirudi naye. Dimanche asubui jamaa ilikuwa imekusanyika, tayari kwa kwenda. Niliomba banipe bipande bya bakuli, byenye balichunga ili nabii abione. Nikaingiza ncha ya kisu pa mupasuko, kole na unga ya mbao ikatoka. Nikasema: "Muangalie. Haiko bulozi. Ni mie. Mbao ilikuwa mubichi, nikaficha." Baba ya bwana-arusi alinishika ku kola. Nikamuambia: "Unipige, lakini dada yako umuache."

Pale njo yule shangazi alifungua kinywa: "Mie nauzishaka samaki. Yenye haijakauka inakuwa nzito, balansi, ile mizani yangu, inanionyesha. We baba muzima, hukuwaza kupima mbao?"

Muntu wa kwanza kucheka ni yule mwenye alikuwa ananishika kola. Wote bakacheka. Bandugu, ile kicheko! Nilisikia mwili nyepesi, nikakaa mu vumbi nikalia kwa furaha.

Bale batoto, bwana-arusi na muchumba wake, balioana. Mahari ilipita mu beseni ya plastiki, hakuna muntu alilalamika. Mie nimerudi ku kazi. Kila ubao naupima ku balansi ya yule mama, kila juma, mpaka uzito ikatae kushuka, ndipo nashika kole.

Aksanti kwa bibi yangu, mwenye alinifuata mpaka Sakania. Aksanti kwa yule baba, juu aliachilia kola. Na nyie, mukiharibu kintu, museme mapema. Kile unaficha, mwengine njo anabeba.

Yule mama iko hapa, murongo wa tatu. Alinikataza kumuonyesha kidole. Lakini bamoja kati yetu bangali banavuka barabara bakimuona. Mama, simama. Tukuje kukupa mukono, mumoja mumoja. Mie natangulia.