Shangazi Shika-Hiki Anarudisha Ufunguo

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkutubi wa shule yetu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, siku ileile tunayofunga shule kwa likizo ndefu. Wanafunzi humwita Shangazi Shika-Hiki, maana hamalizi salamu kabla hajakuwekea kitabu mkononi na kukwambia shika hiki. Mwalimu mkuu ameniomba mimi, mwalimu wa hesabu, niandike wasifu wake. Angejua nilivyomwonea kijicho mama huyu kwa miaka kumi na tisa, kazi hii angempa mpishi.

Alianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu, akiwa na rafu mbili na kabati lisilofunga. Leo tuna vitabu elfu nne na ushei, na kila likizo ndefu rafu zinabaki tupu. Ndiyo, tupu! Wengine hufungia vitabu visipotee. Yeye huvigawa vyote, hata kamusi, akisema kitabu kikikaa miezi miwili bila kufunguliwa kitaota ukungu, na kichwa cha mtoto vilevile.

Wala hamlazimishi mtoto kumaliza. Nyuma ya kila kitabu kuna kadi, na sharti ni moja: ukichoka, andika jina lako na ukurasa uliochokea. Shule ikifunguliwa anazisoma kadi zote, moja baada ya nyingine. Aliyechokea kwenye maelezo marefu ya milima anapewa hadithi ya mbio na purukushani. Aliyeishia pale mbwa alipokufa anatafutiwa kitabu ambacho mbwa anapona.

Mimi nami nilikuwa na yangu ya likizo: maswali mia moja, yamepigwa chapa vizuri kabisa. Yalirudi yamekuwa majalada ya vitabu vyake. Watoto walisema karatasi yangu ni ngumu, inafaa sana. Roho iliniuma, sitaficha.

Mwaka mmoja nikasema sasa basi. Nikatangaza mashindano ya kusoma, mshindi ni wa kurasa nyingi, zawadi begi jipya. Akashinda binti wa darasa la sita kwa kurasa elfu mbili na mia tatu. Alipoulizwa hadithi zilihusu nini, akajibu mbele ya shule nzima kwamba hajui, yeye alikuwa anahesabu. Walimu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilitembeza hadi begi.

Kubwa kuliko yote ni la nyumbani. Kila tunapofunga kwa likizo ndefu, Shangazi huacha kitabu juu ya meza yangu katika chumba cha walimu. Nilijua ananikejeli, nikawa navirundika juu ya friji. Binti yangu akawa anapanda kiti anavishusha. Mwaka jana akatangaza mezani kwamba akikua atakuwa mkutubi kama Shangazi. Mtoto niliyemfundisha kuhesabu mwenyewe, kwa vizibo vya soda!

Basi wiki iliyopita uongozi ukatoa taarifa kuwa mkutubi mpya hajapatikana, hivyo likizo hii vitabu vitafungiwa. Mimi na karani tukatumwa kuhesabu mali kwa ajili ya makabidhiano. Nakiri nilikwenda na furaha fulani mbaya. Hatimaye maktaba itakuwa chumba tu kama vyumba vingine.

Katika droo ya chini nikakuta kadi yenye jina langu. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliazima kitabu kimoja nitafute kasoro. Nilikirudisha nikijidai nimekimaliza, hata mwisho wake nikausifu. Kumbe nilisahau tiketi ya basi ndani yake, pale nilipoishia kusoma. Kwenye kadi, kwa mwandiko wake, imeandikwa: “Mwalimu wa hesabu. Kachokea ukurasa wa 17. Ana haya. Asisukumwe, awekewe kingine.” Chini yake kuna majina ya vitabu kumi na kimoja, kimoja kwa kila likizo, vyote vile vya juu ya friji.

Nilikaa kwenye kiti kidogo cha watoto. Karani akaniuliza nimepatwa na nini, nikamwambia ni vumbi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mwalimu mkuu kuomba ufunguo wa maktaba anaourudisha Shangazi, na amekubali. Ijumaa saa nane vitabu vyote vitagawiwa, kadi zikiwa nyuma. Wazazi, waleteni watoto, na maswali ya hesabu safari hii ni kumi tu. Shule ikifunguliwa nitazisoma kadi mimi, na sijui kama nitaweza. Binti yangu ameahidi kunisaidia.

Shangazi, asante kwa miaka yote hiyo. Bado nakuonea wivu, tena sasa zaidi. Nenda ukapumzike, afya ikuandame, na siku zako ziwe ndefu na tulivu. Kile kitabu changu cha zamani usikitafute rafuni. Ninacho mimi, nimefika ukurasa wa kumi na nane.