Baba Mdogo Hayumo Kwenye Mashine

Mwezi wa sita Songea, jamani, hata jua huchelewa kuamka. Ukungu ulishuka kutoka milima ya Matogoro ukalala juu ya mabati ya mtaa wa Mfaranyaki mpaka saa tisa alasiri, na pale kwenye benchi la kahawa, pembeni ya duka la mbolea, watu walikuwa wakiongea taratibu kama wanaotoka usingizini. Mwenye birika ni Mzee Bakili, Myao wa Tunduru, na asiyempenda basi hajaonja tangawizi yake. Kulia kwake alikaa Sixbert, fundi cherehani, ambaye aliwahi kuitwa mahakamani kutoa ushahidi wa mbuzi, na tangu siku hiyo jina lake ni Wakili. Kushoto, Emiliani wa bodaboda, wanamwita Breki kwa sababu hana. Katikati yao kajibana Athanasi, laptopu mapajani, kahawa imempoa mkononi, mawazo yako mbali kabisa.

Athanasi alikuwa na haki ya kuwaza. Kinu kimoja cha unga kilinunua programu kutoka ng'ambo ya kushughulikia wafanyakazi: mishahara, likizo, misiba. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuifundisha sheria za Tanzania. Aliifundisha kodi, ikaelewa. Aliifundisha makato ya uzeeni, ikaelewa. Sikukuu ya Idd ilimtoa jasho, maana programu ilitaka tarehe na yeye akaiandikia kwamba tunasubiri mwezi uandame. Hata hilo walilimaliza. Leo asubuhi ikakwama kwa Kunegunda, mpakiaji wa unga.

— Hebu rudia, alisema Wakili. Imemkatalia nini?

— Ruhusa ya msiba. Baba yake mdogo amefariki kijijini Mpitimbi, anazikwa kesho. Kaandika "baba". Mashine imemjibu kwamba baba yake alishakufa zamani, na baba ni mmoja.

— Mmoja! Breki akaguna. Maskini, imelelewa wapi hiyo?

— Sheria inasema mzazi, alijibu Athanasi. Meneja anadai nikiingiza baba wadogo, kila mfanyakazi ana baba ishirini, na kinu kitasimama. Kanipa mpaka jioni niamue inavyosomeka. Nikikosea, kazi wanapewa watu wa Dar. Na Kunegunda akienda bila ruhusa, kibarua chake kimeota nyasi.

Wakili akakohoa, akakaa vizuri.

— Sheria mimi naijua.

— Ya mbuzi, alisema Mzee Bakili.

— Sheria ni sheria! Imesema mzazi, haikusema mzazi ni nani. Kwetu Wangoni mdogo wake baba ni baba, kwisha. Kosa ni lenu, hamkuitambulisha hiyo mashine. Imefika tu, mkaiingiza ofisini. Mngeipeleka Mpitimbi kwanza, ikakalishwa mkekani, ikaambiwa huyu baba mkubwa, huyu baba mdogo, huyu shangazi. Bibi harusi mwenyewe huonyeshwa ukoo, sembuse mashine!

Athanasi akaiona kabisa. Aliiona imekaa mkekani uani kwa watu, kuku wanapita mbele yake, inaamkia shikamoo kila anayeingia, na wazee wanaijibu marahaba bila hata kushangaa. Moyo wake ukalegea. Alitamani mambo yangekuwa hivyo.

— Wallahi mtaikosesha, alisema Mzee Bakili akimimina. Mkishaifundisha ya Wangoni, itakuja kwetu Tunduru kufanya nini? Kwetu mwenye neno ni mjomba. Baba anakaa pembeni anakunywa chai yake.

— Basi ibadilike njiani, alisema Breki. Basi la Tunduru likifika Namtumbo, baba anashuka, mjomba anapanda.

— Na konda anatangaza! alidakia Wakili.

— Anatangaza: wajomba mbele, akina baba nyuma!

Walicheka mpaka Wakili akamwaga kahawa gotini. Halafu kicheko kikaisha, wakabaki wanautazama ukungu unavyovuka barabara, kila mtu na wafu wake kichwani. Breki ndiye aliyerudi wa kwanza kwenye mazungumzo.

— Hivi, na yenyewe baba yake nani?

— Waliomuandika huko ng'ambo, alisema Wakili, akisahau kwamba anazungumzia kitu.

— Na anayeilea sasa hivi?

Wote wakamgeukia Athanasi.

— Ndiyo kusema wewe ni baba yake mdogo! Breki akapiga paja. Mashine ina baba mdogo, halafu inawanyima wenzake!

— Siku ukifa wewe, alisema Mzee Bakili kwa upole, inabidi izime. Kinu kizima kitakaa kimya, imefiwa.

— Tutaichangia umeme, alisema Wakili. Ndiyo rambirambi yake.

Athanasi alitabasamu, lakini tuseme ukweli, alikuwa anaogopa. Maneno yale yalikuwa matamu, na hakuna hata moja ambalo angeweza kumpelekea meneja.

Hapo ndipo Kunegunda alipotokea kwenye ukungu, kitenge kiunoni, kitenge begani, mkoba kwapani.

— Shikamoo, Mzee Bakili.

— Marahaba, mwanangu. Pole sana na msiba.

— Nimeshapoa. Shikamooni na wengine.

Hakukaa. Macho yake yalikuwa makavu, ya mtu ambaye tangu asubuhi amekuwa akijibu maswali.

— Kaka Athanasi, nimetoka ofisini. Wameniambia nichague tena, nikachagua neno la chini kabisa kwenye orodha ya ndugu. Limeandikwa "Mwingine". Mashine ikasema mwingine hana siku.

Athanasi alishindwa kumtazama.

— Kazi iwepo isiwepo, mimi nakwenda sasa hivi, alisema Kunegunda. Nina swali tu. Yule mzee alinichukua nikiwa natambaa, sijawahi kumwita kwa jina lingine. Sasa nikifika pale, naingia uani nalia, na kilio lazima kimtaje mtu. Nilieje? "Mwingine wangu, umeniacha na nani"?

Breki aliinama akashika tairi la pikipiki yake kama anayelipima upepo. Mzee Bakili alilishika birika hewani, hamimini, haliweki chini.

Athanasi alifungua laptopu. Pale palipoandikwa baba ni mmoja, alifuta. Akaongeza: baba mkubwa, baba mdogo, na yeyote aliyemlea mfanyakazi akamwita baba. Alilitafuta jina la Kunegunda, akampa siku zake zote, akahifadhi. Meneja atakalosema jioni, atalisikia jioni.

— Nenda, dada, alisema. Kamlilie baba yako.

Kunegunda akakaa palepale kwenye benchi la wanaume, akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Baba yangu mie! alilia. Baba yangu!

Breki akawasha pikipiki, akamsubiri.