Kopo Lililosafiri Hadi Kaolack

SIGA: Haloo? Ni nani mwenzangu?

NGONE: Haloo! Halo— (mtandao unakwaruza) Amani?

SIGA: Amani tupu. Naongea na nani?

NGONE: Watu wa nyumbani hawajambo?

SIGA: Hawajambo, tunashukuru. Sasa mbona hujitaji? Namba siijui.

NGONE: Mgonjwa hakuna?

SIGA: Hakuna. Sikia, kama unauza kitu, mwenye nyumba kaenda msikitini na mama kasafiri. Nakata—

NGONE: Siga! Utamkatia simu mama yako mzazi?

SIGA: Mama?

NGONE: Nani mwingine anawauliza wagonjwa wenu kabla hajameza mate?

SIGA: Mama! (anapiga kelele mbali na simu) Birame! Birame, njoo haraka! Kapiga! Kapiga yeye!

NGONE: Sijapiga mimi. Simu ni ya mama yako mdogo, Daba. Kwa hiyo aliyepiga ni Daba.

SIGA: Kwa mdomo wako?

NGONE: Nimemwazima mdomo tu.

SIGA: Mama, ulisemaje siku ile mlangoni, begi liko begani? Ulisema siku tatu hazipiti mtakuwa mnanililia kwenye simu, nyie mnaojiita watu wazima. Leo ya ngapi?

NGONE: Sihesabu mimi.

SIGA: Ya tano.

NGONE: Nimepiga kwa ajili ya gesi. Ule mtungi unaisha ghafla, nikaogopa mtalala na mchele mbichi.

SIGA: Uliisha juzi. Birame akaenda kuubadilisha.

NGONE: Birame yupi?

SIGA: Mwanao.

NGONE: Yule ambaye mwaka mzima nikimtuma ndimu anasema mguu unamuuma?

SIGA: Mguu umepona. (anacheka) Habari za huko? Mtoto wa mama mdogo kapewa jina gani?

NGONE: Langu.

SIGA: Ngone mdogo! Hongera, Mama!

NGONE: Asante. Jana ndiyo ilikuwa sherehe ya kumpa jina. Kondoo wawili, na jiko lote niliachiwa mimi. Nimelisha watu themanini, Siga. Themanini! Wamelamba mpaka viganja. Mzee mmoja kaniombea dua ndefu mpaka wali ukampoa mkononi.

SIGA: Si ndiyo raha hiyo?

NGONE: Raha tupu. Nimefurahi kupita kiasi. Nyie mmekula nini leo?

SIGA: Wali wa samaki.

NGONE: Nani kapika?

SIGA: Mimi.

NGONE: Ukapikia nini?

SIGA: Sufuria, Mama.

NGONE: Usinijibu kama karani wa serikali. Ulikuwaje?

SIGA: Mtamu.

NGONE: Mtamu wa kusema, au mtamu wa kula?

SIGA: Baba kaongeza mara mbili.

NGONE: (kando ya simu, kwa sauti ya chini) Daba! We Daba! Anasema wali umetoka mtamu. Utatokaje mtamu na kopo la konokono wa kukoleza mchuzi ninalo mimi hapa kwenye begi? ... Ndiyo, nililibeba. Kwa nini nisilibebe, si langu? ... Basi kama linanuka fungua dirisha, mtoto ataacha kupiga chafya. ... Wewe nyamaza, hujawahi kulea wa miaka kumi na sita.

SIGA: Mama, unaongea na nani?

NGONE: Na mtandao. Hebu niambie vizuri. Huo mchuzi ulikuwa na ile... ile harufu?

SIGA: Harufu ipi?

NGONE: Ile ya kwetu.

SIGA: Ulinukia nyanya, ukanukia samaki, ukanukia kitunguu saumu.

NGONE: Basi?

SIGA: Ulitaka unukie nini kingine? Taja nikuambie.

NGONE: Sina cha kutaja. (mtandao unakwaruza) Na wali uliupika kwa mvuke kwanza?

SIGA: Kwanza mvuke, halafu mchuzi. Kama siku zote.

NGONE: Pale chungu cha matundu kinapokalia sufuria, ulizungushia kitambaa, mvuke usitoroke?

SIGA: Nilizungushia.

NGONE: Kipi? Maana kile changu nimeki... kimo mahali pake.

SIGA: Nilikitafuta sikukiona. Nikachukua kile cheupe, kirefu, kilichokuwa kwenye kamba.

NGONE: Cheupe, kirefu.

SIGA: Eeh.

NGONE: Siga. Kile ni kilemba cha baba yako cha Ijumaa.

SIGA: Tumekuja kujua baadaye.

NGONE: Lakini leo ni Ijumaa!

SIGA: Kaenda nacho.

NGONE: Msikitini! Na harufu ya samaki!

SIGA: Kampigia Birame kutoka huko. Anasema safu yake ilikuwa na nafasi tele, kasujudu kwa raha zake.

NGONE: Ya Rabi! Watu watasema nini? Watasema mke wake kampaka samaki akamwacha!

SIGA: Aliyemuuliza kaambiwa mke wangu kaenda kwa mdogo wake, binti yangu ndiye anayepika. Mzee mmoja kamwambia afadhali wewe unanukia chakula, mimi kwangu nanukia dawa ya mbu.

NGONE: (anacheka, kisha anajizuia) Hakuna cha kuchekesha hapo.

SIGA: Umecheka wewe.

NGONE: Nimekohoa. Na Birame? Kachukua sahani yake kaenda nayo chumbani, si ndiyo? Kala huku anachezea simu kama mpangaji.

SIGA: Birame anakula kwenye sinia.

NGONE: Sinia lipi?

SIGA: Lile moja tulilo nalo. Anakaa chini, kwenye mkeka, magoti yamemfika masikioni.

NGONE: Muongo wewe. Yule aliniambia kula pamoja ni mambo ya watoto. Akaniambia wenzake kila mtu na sahani yake. Nikambembeleza, nikamnunia, nikamwekea paja la kuku upande wake mwezi mzima. Akenda kula mkate na mayai kwa muuza kahawa barabarani!

SIGA: Najua, nilikuwepo.

NGONE: Sasa wewe umemwambia nini?

SIGA: Nimemwambia sahani zimekwisha.

NGONE: Basi?

SIGA: Nikamwambia anayetaka sahani ataiosha. Kakaa.

NGONE: Mwaka mzima mimi...

SIGA: Ndiyo hivyo, ulimbembeleza. Mtu wa miaka kumi na saba ukimbembeleza anajua ana thamani.

NGONE: Usinifundishe kulea, nimekulea wewe!

SIGA: Nani kabisha?

NGONE: Na hiyo sauti ya kujibu kwa upole uitoe. (kando ya simu) Daba, nipe maji.

SIGA: Mama, nikuulize na mimi?

NGONE: Uliza.

SIGA: Kopo halijambo huko?

NGONE: (mtandao unakwaruza kwa muda) Haloo? Sikusikii vizuri, laini inakata—

SIGA: Haikati. Kopo la konokono wa bahari, la bati jekundu, linalokaa nyuma ya gunia la mkaa limefungwa nailoni tatu. Halijambo?

NGONE: Nani kakuambia kuna kopo?

SIGA: Pua. Ulipopanda gari Jumatatu, nyumba nzima ikanukia sabuni. Paka wa jirani kasimama mlangoni mpaka adhuhuri, akakata tamaa akaondoka.

NGONE: Kwa hiyo ulijua.

SIGA: Nilikuwa na miaka minane nilipokuona unaliweka kwenye mchuzi huku umetupa mgongo. Nikadhani ni dawa.

NGONE: Miaka minane! Na siku zote ninapokufundisha kupika—

SIGA: Unaniambia chumvi, pilipili, nyanya, kisha unanituma dukani kiberiti. Nyumbani viberiti vimejaa droo, Mama. Nikirudi sufuria ina harufu nyingine.

NGONE: Nilitaka nikuambie.

SIGA: Lini?

NGONE: Ukiwa mkubwa.

SIGA: (kimya)

NGONE: Siga?

SIGA: Nipo.

NGONE: Basi sema kweli. Wali haukuwa na ladha. Siku zote tano. Sema tu, sitacheka.

SIGA: Jumanne haukuwa na ladha. Tulikula tukitazamana. Birame kasema mtamu, Baba kasema mtamu, mimi nikasema mtamu, kila mtu akanywa maji mengi.

NGONE: (kwa furaha) Ahaa!

SIGA: Jumatano nikatia ukwaju na kipande cha samaki mkavu wa kwa mama Sokhna, yule jirani. Ikawa nafuu.

NGONE: Nafuu tu.

SIGA: Jana tukauzoea. Leo Baba kakomba sinia kwa kidole.

NGONE: Baba yako? Baba yako hakombi!

SIGA: Kakomba.

NGONE: Kwangu hakuwahi—

SIGA: Kwako anaogopa utamwongezea. Mama, sio chakula chako. Ni chakula kingine. Lakini kimekwisha chote.

NGONE: (Mtoto mchanga analia kwa mbali, kisha ananyamaza)

SIGA: Mama, unalia?

NGONE: Nakata kitunguu.

SIGA: Saa tisa mchana? Chakula cha mchana si kimeshapita?

NGONE: Vitunguu vya Kaolack havina saa.

SIGA: Haya.

NGONE: Huku wananing'ang'ania nikae mpaka wiki ijayo. Daba hajapata nguvu, mumewe anasema tangu azaliwe hajala hivi. Nimewaambia nitafikiri. Kwa kuwa nyie huko mmeshiba.

SIGA: Basi kaa.

NGONE: Eeh?

SIGA: Kama wanakuhitaji, kaa tu. Sisi hatuna neno.

NGONE: (mtandao unakwaruza) Kuna gari la saa moja asubuhi kesho. Likiwahi kujaa, saa saba niko mlangoni.

SIGA: Mama mdogo je?

NGONE: Daba ni mtu mzima. Atajikaza.

SIGA: (anacheka) Haya, njoo. Lakini usile njiani.

NGONE: Nisile nini?

SIGA: Chochote. Gari likisimama Fatick usinunue karanga. Mbour usinunue mkate. Usibebe bakuli kutoka huko, usinipigie ukiwa njiani kuniambia niloweke nini. Njoo na njaa.

NGONE: Nani, mimi?

SIGA: Wewe.

NGONE: Siga, mimi ndiye—

SIGA: Najua. Utakaa upande wa mlangoni, panapopita upepo. Samaki nitamvunja mimi, nitawagawia mimi. Mikono yako ibaki upande wako.

NGONE: Tangu niolewe hakuna mkono mwingine uliovunja samaki kwenye sinia langu.

SIGA: Siku hizi tano alivunjwa na nani?

NGONE: Sikutaka kuuliza.

SIGA: Mimi.

NGONE: Utanirushia mkia.

SIGA: Utakula nitakachokurushia. Mimi nimekula ulichonirushia miaka yote hii, uliniona nanuna?

NGONE: Ulinuna sana! Ukitupiwa karoti ulikuwa unairudisha kwa Birame kwa kidole!

SIGA: Basi na wewe nuna, lakini kula.

NGONE: (mtandao unakwaruza kwa nguvu) Haloo? Siga? Haloo! ... Imekatika. Daba, simu yako imekatika. ... Na hiyo sahani iondoe hapa mbele yangu. ... Sili. ... Siumwi! Nimeambiwa niende na njaa. ... Najua ni kesho, nani kakuambia siijui kesho? Miaka kumi na saba nawaambia watu njooni na njaa. Mashemeji, mawifi, watoto wa jirani, mafundi wa paa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia mimi nije—

SIGA: Mama, bado nipo.

NGONE: Unasikiliza maongezi ya watu wazima?

SIGA: Hukukata simu. Mama, kula leo. Kesho ndiyo usile.

NGONE: Nitakula nikipenda! Na samaki mchague wa jicho linalong'aa, ukibonyeza—

SIGA: Nyama irudi juu. Najua.

NGONE: Na muhogo utangulie, usiucheleweshe—

SIGA: Najua, Mama.

NGONE: Subiri, simu ya Daba inalia, salio linaisha. Siga, pilipili! Pilipili unatia kiasi gani?

SIGA: Kiasi chako. Ila nimepunguza kid—

NGONE: Umepunguza? Haloo? Umepunguza nini? Siga! Umepunguza kwa nini, nani kalalamika? Kalalamika nani, baba yako? Haloo! ... Daba! Daba, nani anauza vocha mtaani kwenu?